Vijibwa Vinavyozima Asubuhi

Mwezi uliopita nilivua koti langu la kijani kwa mara ya mwisho, nikalifua na kulirudisha. Wenzangu walikuwa wamenunua keki na walitaka hotuba, nami hotuba sikuwa nayo. Niliwaahidi kwamba nikishapumzika nitaandika machache niliyoyaona katika ile kliniki yetu ya wanyama karibu na Barabara ya Jogoo, hasa yale ambayo chuo hakikunifundisha. Naanza na wagonjwa wadogo kuliko wote kwa kimo: vijibwa vya kukaa sebuleni, ambavyo sukari hushuka mwilini mwavyo hadi vikalala kama vimekufa. Nimewachagua hao kwa sababu ndio walionipa raha. Wanyama wengi tuliowatibu walipona polepole, mpaka mwenyewe akasahau kwamba kulikuwa na ugonjwa. Kijibwa kilichoishiwa sukari, ukikiwahi, huinuka huku unakitazama.

Naitwa Beatrice Wairimu. Nilisomea afya ya mifugo, na cheti changu kilikuwa cha ng'ombe, mbuzi na kuku. Mimi si daktari, nilikuwa msaidizi wa daktari, ingawa nusu ya watu wa mtaa wetu wa Makadara waliniita Daktari na nusu nyingine Sista, nami niliitikia yote mawili. Nilipoajiriwa, wagonjwa wetu walikuwa paka wa wenye maduka, mbwa wakubwa wa kulinda mageti, na mbuzi walionunuliwa soko la Kiamaiko kwa ajili ya sherehe, sherehe ikaahirishwa, mbuzi akapata muda wa kuugua. Siku yangu ya kwanza mwenye kliniki, Daktari Mutuku, alinikabidhi mbwa wa kuchanjwa ambaye tayari alikuwa amemng'ata njiani mtu aliyemleta. "Shika kichwa," akaniambia. "Hayo mengine tutazungumza baadaye."

Daktari Mutuku alikuwa mtu wa Machakos, mrefu, mwenye sauti ya chini. Hakuwahi kuanza na sindano. Kwanza alimgusa mnyama kwa upande wa nyuma wa kiganja, tumboni na masikioni, kisha akamuuliza mwenyewe: "Amekula lini?" Mwanzoni nilidhani ni namna yake ya kusalimia watu. Kuna waliokuja na mbwa aliyevunjika mguu wakashangaa kuulizwa habari za chakula.

Miaka ikapita, maghorofa yakaanza kuota kila penye nafasi, mitaa ya Umoja, Donholm, hadi katikati ya nyumba za zamani za Buruburu. Mtu anayekaa orofa ya nne hana geti la kulindwa. Basi watu wakaanza kununua mbwa wa kubebwa, wale wenye manyoya meupe kama pamba na wale wenye masikio makubwa kuliko uso. Wa kwanza kuletwa kwetu angeweza kulala ndani ya sufuria ya ugali. Nilimchanja nikiwa nimeshikilia pumzi, nikiogopa kwamba sindano ingetokea upande wa pili.

Haikupita muda nikaona mmoja amezima. Hilo neno si langu. Kijana mmoja kutoka Umoja aliingia asubuhi, mkono mmoja ameutia ndani ya koti lake. Akatoa kijibwa cheupe kilicholegea, shingo imening'inia.

"Madam, huyu dogi amezima tu," akasema. "Nimemwita, nimemtingisha, amekataa kuwaka."

Wazo langu la kwanza lilikuwa sumu, kwa sababu mitaani kwetu mbwa akianguka ghafla, watu husema amewekewa sumu na jirani. Daktari Mutuku akamgusa. Mwili ulikuwa baridi, ufizi umepauka.

"Amekula lini?"

"Jana jioni, doki. Alikula fiti kabisa."

"Na leo?"

"Leo bado. Si mbwa hula usiku?"

Daktari alichovya kidole ndani ya kopo la asali ya chai yetu, akaipaka juu ya ufizi na ndani ya shavu, kidogo tu, akarudia. Mimi akanituma maji moto, tukayatia kwenye chupa, tukaifunga kwa taulo na kuilaza kando ya kijibwa. Kisha tukangoja. Kijana alikuwa anapumua kwa sauti kuliko mgonjwa. Mara ulimi ukatokeza, ukalamba. Ukalamba tena. Macho yakafunguka, kijibwa kikainua kichwa, kikajaribu kusimama, miguu ikateleza, kikasimama. Halafu kikakojoa juu ya meza.

Yule kijana aliketi sakafuni, pale pale alipokuwa. "Nilikuwa naanza kupanga nitamwambia mathe nini," akasema, akimaanisha mama yake. "Ni wake."

Alipoondoka, akiwa amebeba chakula laini na maelekezo, Daktari Mutuku alinieleza huku akinawa mikono. "Mbwa mkubwa ana ghala," akasema. "Akikosa kula siku nzima, ini lake linatoa akiba, misuli inachangia, mafuta nayo yapo. Huyu mtoto hana ghala. Ana mfuko wa shati. Akilala bila kula usiku kucha, anaamka mfuko mtupu. Na ubongo haujui kungoja."

Tangu siku hiyo nilielewa lile swali lake la chakula. Nikaelewa pia tatizo letu la mitaani. Sisi tumekua tukiona mbwa akilishwa mara moja, jioni, makombo ya ugali na maji ya supu, ili usiku awe na nguvu ya kubweka. Mila hiyo inamfaa mbwa wa geti. Ukimfanyia hivyo mtoto wa mbwa anayetoshea kiganjani, unamwomba afunge kama mtu mzima. Hao wadogo wanataka kula mara nne au tano kwa siku, kidogo kidogo, na mlo mmoja uwe wa mwisho kabla taa hazijazimwa, mwingine uwe wa mapema watu wakiamka. Niliyasema hayo mara nyingi sana, mpaka mume wangu alidai nayasema usingizini.

Nilijinunulia mizani ya jikoni pale soko la Gikomba, kwa sababu mizani ya kliniki ilitengenezwa kwa ajili ya mbwa wakubwa na kijibwa kikipanda juu yake ilisoma sifuri. Mtoto wa mbwa anayekula vizuri huongezeka uzito. Akisimama pale pale, au akipungua, kuna jambo: pengine minyoo inakula kabla yake, pengine ametolewa kwa mama yake kabla hajajua kutafuna, pengine analala kwenye sakafu ya simiti mwezi wa Julai na chakula chote kinaishia kwenye kutetemeka. Nilinunua pia kopo la asali nikaliandika kwa kalamu nene SI YA CHAI. Wenzangu mnaocheka mnajua kwa nini.

Si wote walioinuka. Kuna mama aliyetuletea kijibwa chake akiwa amejitahidi kadiri ya uwezo wake, amekimwagia maji ya sukari mdomoni kikiwa kimelegea. Kiumbe asiyeweza kumeza hamezi eti kwa sababu umemwagia. Maji yalikwenda kwenye mapafu. Tulihangaika na kijibwa siku ile yote na hatukukiokoa. Ndiyo maana nilisisitiza kupaka na si kumwaga, hata mtu akiwa amekasirika kwamba napoteza muda na maneno. Mbwa akishaamka na kumeza, apewe chakula, maana sukari ya asali huisha upesi, kisha aletwe aonwe.

Sasa niwasimulie habari ya Meja, ambayo ni ya miaka yangu ya mwisho kazini.

Asubuhi moja ya baridi aliingia mzee mmoja aliyevaa koti refu la sufu, na nyuma yake binti yake. Mzee aliitwa Gathogo, dereva wa malori aliyestaafu, mkazi wa mtaa wa Jericho. Binti, Wangeci, alikuwa karani kwenye mahakama za Makadara, na alikuwa ameomba ruhusa ya kuchelewa kazini. Ndani ya kikapu, juu ya sweta kuukuu, alilala mtoto wa mbwa wa rangi ya kahawia mwenye masikio makubwa, anatetemeka midomo. Jina lake Meja. Alikuwa zawadi kwa mzee kutoka kwa mtoto wake wa kiume anayekaa mbali, baada ya mzee kufiwa na mkewe.

"Sista," Wangeci akaniambia kabla sijauliza lolote, "huyu ana kifafa. Ni asubuhi ya tatu anaanguka. Majirani wamesema haponi. Tumekuja alazwe salama, asiteseke."

Kulazwa salama alimaanisha kudungwa sindano ya mwisho. Mzee alikuwa ameshika ukingo wa kikapu kwa mikono miwili.

Daktari Mutuku alitoka chumba cha ndani, akagusa tumbo kwa nyuma ya kiganja. "Amekula lini?"

"Jana jioni," mzee akajibu. "Tulikula pamoja. Kidogo."

Nilitafuta kimashine chetu cha kupima sukari, nikakikuta betri imekufa, kama ilivyokuwa desturi yake siku za haja. Nilipokuwa nafungua droo nyingine mzee akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kimashine chake. Alikuwa mgonjwa wa kisukari, anajidunga insulini kila siku.

"Hiki kinapima watu," akasema. "Kitakubali mbwa?"

"Kwa mbwa husoma chini kidogo," Daktari akasema, "lakini hakitatudanganya sana." Nikatumia kisindano kipya, nikapata tone la damu kwenye ncha ya sikio. Kimashine hakikutoa hata namba. Kiliandika kwa herufi kwamba sukari iko chini.

Mzee alitazama yale maandishi kwa muda. Kisha akasema polepole, "Hii naijua. Unatetemeka, jasho linakutoka, unasikia watu wanakuita kutoka mbali. Huyu hana kifafa. Huyu ni kama mimi."

Nilikuwa tayari napaka asali. Safari hii ilichukua muda mrefu kuliko nilivyopenda, mpaka Daktari akaanza kutayarisha dripu, na Wangeci akageuka akatazama bango la chanjo ukutani. Kisha Meja akalamba. Tukampa nyama laini iliyosagwa, akaila yote na kutafuta nyingine chini ya kisahani. Mzee akachomoa kitambaa, akajipangusa uso, akasema vumbi la Jogoo Road limezidi.

Habari ya sindano ya mwisho haikutajwa tena siku ile. Lakini Daktari Mutuku hakuwa mtu wa kutoa ahadi za bure. Aliwaeleza ratiba ya chakula, akatoa dawa ya minyoo, akataka Meja awe na kisanduku chenye blanketi mbali na mlango. Halafu akasema lililobaki. Kuna watoto wa mbwa wa aina hii wanaozaliwa na mshipa usio mahali pake, damu ikalipita ini pembeni. Hao huishiwa sukari hata wakilishwa vizuri, na matibabu yao ni upasuaji ambao kliniki yetu haikuuweza. "Akianguka tena na amekula," akasema, "mnipigie."

Nilimwona Wangeci anaimeza habari hiyo. Alipobaki nyuma kidogo, baba yake akiwa mlangoni, aliniambia kwa sauti ya chini: "Sista, nitakwambia ukweli. Mimi sina shida na mbwa. Baba mwenyewe ameshaanguka mara mbili tangu mama afariki. Anajidunga dawa halafu hali chakula, anasema kula peke yake hakushuki. Nikiwa kazini simwoni. Sasa niwe na wawili wa kuokota?"

Nilimwambia aniite wakati wowote, nikampa namba yangu, jambo ambalo huwa nawakataza nyinyi vijana.

Siku zikapita Meja akiwa mzima. Nilianza kumsahau, ambayo ndiyo dalili njema katika kazi yetu. Kisha, shule zikiwa zimefungwa na Wangeci akiwa likizoni, simu ikalia katikati ya asubuhi.

"Sista, Meja amelala tena." Alikuwa Wangeci. "Na sasa anakula vizuri, kila siku. Ni lile ini, sivyo?"

Nami niliwaza hilo hilo, lakini kwenye simu si mahali pa kujadili ini. "Mguse mdomo kwa kidole. Anasogeza ulimi?"

"Kidogo."

"Sawa. Usimmwagie kitu. Una asali?"

"Hatuna, na sukari hatuweki nyumbani. Vidonge vya glukosi anavyo baba mfukoni, na ameenda kliniki yake hospitalini. Lakini kuna ile ya kopo, ya kutia utamu chai ya wagonjwa wa kisukari. Nimeshaifungua."

"Iweke chini, Wangeci. Usimpe hata chembe." Baadhi ya vitu hivyo ni sumu kwa mbwa, na ubaya wake ni kwamba humshusha sukari zaidi. Sikujua kopo lao lilikuwa na nini, wala sikutaka kukisia. "Jirani yako anakunywa chai?"

"Mama Ken? Anakunywa kutwa nzima."

"Basi nenda kwake umwombe sukari ya kawaida. Iloweshe kwa matone ya maji, umpake kwenye ufizi. Umfunike. Ukiona analamba, mlete."

Nilikaa na simu mkononi. Daktari Mutuku alikuwa anamshona paka, akaniuliza bila kuinua macho, "Meja?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kushona, lakini nilimjua vya kutosha. Alikuwa akikunja midomo.

Wangeci alifika kwa bodaboda na kikapu mapajani. Meja alikuwa amekaa ndani yake, kichwa juu, masikio yamesimama, analamba sukari iliyobaki kwenye pua. Nilimpima, sukari ilikuwa imepanda. Hapo nikaweza kuvuta pumzi sawasawa.

"Leo amekula lini?" Daktari akauliza.

"Asubuhi na mapema," Wangeci akasema, halafu akasita. "Nilidhani baba amempa. Baba aliondoka alfajiri kwenda hospitali, pengine alidhani nitampa mimi. Halafu watoto wa dada yangu walikuja jana kulala. Wameamka naye, wamekimbizana naye sebuleni mpaka akaanguka."

Daktari Mutuku akaweka chini kipimo cha moyo. Kwa mara ya kwanza tangu simu ile ilie niliona uso wake umelainika. "Hilo si ini," akasema. "Hao ni wajukuu."

Hata hivyo alichukua damu, akaipeleka maabara, kwa sababu hakupenda kuamini furaha bila kuiangalia mara mbili. Majibu yalirudi siku chache baadaye. Ini la Meja lilikuwa zima. Nilimpigia mzee mwenyewe nimweleze. Akanyamaza kwa muda, nikadhani simu imekatika.

"Mzee, unanisikia?"

"Nakusikia," akasema. "Nangoja nikae chini." Nikasikia kiti kikiburutwa. "Haya, nirudie pole pole, nisikie tena."

Nikamrudia.

Baada ya hapo walikuja kwa mambo ya kawaida, chanjo na kucha. Meja alinenepa kidogo, akapata kitambi kinachomfaa. Mbwa wa aina hiyo akishakomaa mwili hutulia, na hatari hii humpungua sana, ingawa hafai kufungishwa hata akiwa mzee. Niliona pia kwamba koti la mzee halikuwa tena linaning'inia mabegani kama limetundikwa msumarini. Nilipomuuliza kama anakula, alicheka. "Nitafanyaje? Nikichelewa kumpa chai yake ya asubuhi ananisimamia mbele na kunitazama kama askari wa kituo. Na mimi siwezi kumtengea mbwa halafu nikae namtazama. Natenga sahani mbili." Chai ya Meja, niwaambie mnaotaka kujua, ilikuwa nyama ya kusaga.

Si kwamba ugonjwa wa mzee uliisha. Kisukari hakiendi popote. Ila alikuwa anajidunga na kula, mara nne kwa siku na kitu kidogo kabla ya kulala, kwa saa zile zile tulizomwandikia mbwa. Daktari wake wa hospitalini alimsifu kwa nidhamu. Mzee hakumwambia ilikotoka.

Juma langu la mwisho kazini Wangeci alipita wakati wa chakula cha mchana, mikono mitupu, bila kikapu. Nilishtuka nikasimama. Akaniashiria nikae, naye akakaa kwenye benchi la wateja, akavua viatu vyake vya ofisini.

"Hakuna mgonjwa," akasema. "Nimekuja kukuaga, nimesikia unaondoka."

Tukazungumza habari za kazi yake na za shamba langu la Murang'a ambalo nimeahidi kulirudia. Kisha akaanza kukanda vidole vya miguu.

"Unajua, Sista, tangu mama afariki nimekuwa nikipiga simu nyumbani nikifika tu mezani. Kabla ya kufungua faili, kabla ya kusalimia mtu. Baba asipoitikia haraka, napiga tena na tena mpaka aitikie. Leo nilikuwa nakunywa chai ya saa nne na wenzangu, tunacheka jambo fulani, nikakumbuka kwamba sijapiga."

"Ukafanya nini?"

Wangeci aliegemeza kichwa ukutani, akafumba macho.

"Nikamaliza chai," akasema.